Mwaka wa Mizinga Mitupu

Wanja alinipigia simu nikiwa nimekaa kwenye kigoda nje ya jikoni langu, Kianjai, nachambua maharagwe. Hakuzungukazunguka. "Ticha," akasema, "Mama ametuacha." Mtu pekee aliyebaki duniani anayeniita ticha kwa sauti ile ni Wanja, na yeye mwenyewe sasa ni nyanya wa watu. Nilimpa pole, nikamuuliza mazishi ni lini, nikaweka simu kwenye ungo katikati ya maharagwe. Halafu nikafanya jambo ambalo binti yangu angeniona angecheka: nilinusa mikono yangu. Nilikuwa natafuta harufu ya nta. Miaka yote hii, nikisikia jina la Mama Wanja, pua yangu humkumbuka kabla ya kichwa, kwa sababu mwaka ule niliokaa kwake nililala katika chumba kilichojaa mizinga ya nyuki, na harufu ya nta iliingia katika nguo zangu, katika madaftari ya kusahihisha, hata katika chumvi. Nilipofika nyumbani likizo ya kwanza, watu waliniuliza kama nimeolewa na mrina asali.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, na wakati huo vijana ambao hatujafunzwa ualimu tulikuwa tunachukuliwa kwenda kujaza pengo katika shule za mbali. Mimi nikaambiwa Mbeere, kule chini ambako nchi ya Embu inateremka, inakauka na kuishia kwenye mto Tana. Nilishuka na sanduku la bati, blanketi zito na sweta ya sufu. Ile sweta niliivua siku ya kwanza na sikuivaa tena mpaka nilipoondoka. Shule ilikuwa na madarasa ya udongo na mwalimu mkuu mpole asiyependa maneno mengi, naye ndiye aliyenipeleka kwa mama mmoja mjane aliyekuwa na chumba cha ziada. Mama huyo alinitazama kuanzia viatu hadi nywele, akanisalimia, "Wimwega," nami nikamjibu kwa Kimeru changu, na hapo hapo tukagundua kwamba tutaelewana nusu. Nusu nyingine tuliijaza na Kiswahili, chake cha sokoni na changu cha shuleni, na sijui ni kipi kilikuwa kibaya zaidi.

"Wewe utalala na wao," akasema, akisukuma mlango. Ndani kulikuwa na kitanda cha kamba, dirisha dogo lisilo na kioo, na magogo yamepangwa kutoka sakafuni karibu kugusa mabati. Yalikuwa mizinga mipya ya nyuki ambayo marehemu mume wake aliichonga kisha akafa kabla ya kuitundika. Yote ilikuwa mitupu na misafi, imepakwa nta ndani ili nyuki wavutiwe. "Hawatakusumbua. Hawana kelele." Hivyo ndivyo nilivyopata wapangaji wenzangu. Nilizoea kutundika kanga yangu juu ya mmoja na kuweka taa juu ya mwingine, na jioni nikisahihisha hesabu nilikuwa naegemea mgongo wangu kwenye kazi ya mikono ya mtu ambaye sikuwahi kumwona.

Nyumba yenyewe ilikuwa mpya, na ndani ya upya huo kulikuwa na huzuni. Mama Wanja hakuwa amezaliwa pale kwenye mwinuko wala hakuolewa pale. Boma lake la kweli lilikuwa chini, kando ya mto, kwenye udongo mweusi, na mwaka ule mto ulikuwa umezibwa mbele huko ili kutengenezwa bwawa la umeme. Watu wa bondeni walikuwa wameshahamishwa na lori. Walipakia kuku, vitanda, mawe ya kusagia, hata milango, wakapandishwa juu na kuonyeshwa mahali pa kuanza upya. Maji yakaanza kuja baada yao, polepole, bila mawimbi wala kishindo. Kutoka dirishani kwangu niliyaona yakipanda siku kwa siku. Yalianza na njia ya ng'ombe, yakachukua ua wa mkonge, yakafika kwenye mikuyu mikubwa ya mtoni hadi ikabaki imesimama ndani ya maji na majani yake yanageuka njano. Mimi mtu wa milimani nilikuwa sijawahi kuona maji mengi kiasi kile yamekaa mahali pamoja, na nilipoandika barua nyumbani kueleza, mama yangu alinijibu niache kutia chumvi.

Katikati ya bonde lile kulikuwa na kilima kidogo chenye migunga, mikwaju na vichaka vya lantana vilivyosongamana, vile vyenye maua ya manjano na mekundu ambavyo wakulima huku kwetu wanavilaani kila wanapolima. Maji yalikizunguka taratibu, yakakata shingo ya ardhi iliyokiunganisha na upande wetu, na asubuhi moja tulipoamka kilikuwa kisiwa. Watoto wa darasa langu walikuwa wamesoma neno hilo katika jiografia bila kuamini. Siku hiyo niliwatoa nje, nikawaonyesha kwa kidole, nikawaambia, "Kisiwa ni kile." Wanja, ambaye alikuwa msichana mrefu wa darasa la saba mwenye maswali mengi, akainua mkono. "Na ndege wetu, Mwalimu? Wamebaki ndani?"

Hapo ndipo nilipoanza kuwajua wale ndege. Nimesoma baadaye kwamba katika Kiswahili cha vitabu wanaitwa zogoyogo. Mama Wanja alikuwa anawaita majirani, na akizungumza juu yao hukuweza kujua mara moja kama anasema juu ya watu. Ni ndege wa ukubwa wa njiwa mdogo, macho mekundu, manyoya meusi na ya kahawia yaliyomwagiwa weupe hapa na pale, na hakuna wawili wenye madoa yaliyofanana. Hawaendi peke yao hata siku moja. Wanatembea kikundi, wanaruka chini kwa chini kutoka kichaka hadi kichaka, na mmoja akianza kupiga kelele wote wanaitikia mpaka unatamani kuziba masikio. Wakipata makinda, kikundi kizima kinalisha, si baba na mama tu. Wakilala, wanajipanga kwenye tawi moja, wamebanana. Katika boma lake la zamani walikuwa wanamfuata Mama Wanja akilima, wanaokota mchwa nyuma ya jembe lake. Maji yalipokuja wakapanda nayo, kichaka kwa kichaka, mpaka wakajikuta kileleni, na kile kipande cha maji kati yao na sisi kilikuwa kipana kuliko mabawa yao yale mafupi.

"Sisi walituhamisha na lori," aliniambia jioni moja tukila. "Hawa nani aliwahamisha?" Tulikuwa tumekaa jikoni kwake, mimi kwenye kigoda, yeye kwenye mkeka, miguu imenyooshwa. Chakula kilikuwa ndengu na ugali wa mtama, mwekundu, mzito, ambao wiki za kwanza ulinishinda kabisa. Mimi nililelewa kwa mukimo wa ndizi na viazi, na tumbo langu lilikuwa na majivuno. Mama Wanja alinitazama nikimega vipande vidogo. "Kula, Mwalimu. Hiyo si dawa." Nikacheka, nikamega kikubwa, kikanikwama, na Wanja akanipigapiga mgongo huku akijaribu kutocheka. Nikifumba macho sasa hivi bado naona moshi ukipita chini ya mabati, na mikono ya mama huyo ikifikicha kunde gizani bila kuziangalia. Nimekula mahali pengi tangu wakati huo, hata kwenye hoteli za Makutano ambazo zina vitambaa mezani, na sijawahi kushiba vile.

Kwa ajili ya watu wasiojua kule, lazima nieleze jambo moja kuhusu mizinga, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Kule Mbeere ya wakati huo, mti uliotundikwa mzinga wa mtu haukukatwa na mtu mwingine; aliyeukata alijiletea laana mpaka mwenye mzinga amsafishe. Haijalishi shamba ni la nani. Kila mwenye mizinga alikuwa na alama ya ukoo wake, imechomwa kwa chuma cha moto kwenye ubao wa mdomo, na mpita njia akiiona anajua mti huu una mwenyewe. Kilima chenyewe, baada ya kuhamishwa, hakikuwa tena cha mtu yeyote. Kilichokuwa kimebaki kwa Mama Wanja ni mizinga michache ya mume wake kule kwenye migunga, iliyotundikwa alipokuwa hai. Kwa sababu ya mizinga hiyo, kila mtu alikuwa bado anasema "kilima cha kina Wanja." Na mwaka huo lori za makaa zilikuwa zimeanza kushuka kutoka barabara ya Kiritiri, zinatafuta miti.

Ukuta kati ya chumba changu na sebule ulikuwa wa udongo, haujafika juu. Sikuwa nasikiliza, lakini utafanyaje kama maneno yanakujia? Jumapili moja mchana, nimejilaza baada ya kanisa, nilimsikia Njagi, shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake. Alikuwa mtu mnene kidogo, mcheshi, aliyependa kofia, na kusema kweli nilikuwa nampenda mpaka siku hiyo.

"Nyina wa Wanja, hiyo miti maji itamaliza tu," alikuwa anasema. "Si bora itusaidie? Mimi nimeongea na tajiri wa makaa. Tumeshaelewana."

"Mmeelewana na nani juu ya mizinga ya bwana yangu?"

"Hiyo mizinga nitaitoa."

"Utaitoa kama nani?"

Nilisikia kikombe kikiwekwa mezani. "Alama ni ya nani?" Njagi akauliza, sasa sauti yake haina ucheshi. "Ni ya ukoo wetu. Ndugu yangu akifa inarudi kwa nani? Si kwangu? Wewe ni mwanamke, hauna alama. Hujawahi kuona mwanamke na alama."

Mama Wanja akasema kwa upole tu, "Na wale ndege?"

"Ndege?" Njagi akacheka, kicheko cha kweli, cha mtu aliyeshangaa. "Ndege ni wengi, jameni!"

Hawakuwa wengi. Mjukuu wangu alinionyesha juzi juzi kwenye simu yake: ndege huyo haonekani katika nchi nyingine yoyote, ni hapa kwetu tu, vipande vipande vya Ukambani, Embu, Meru, na kila mwaka vichaka anavyovipenda vinalimwa. Mjukuu alidhani ananifundisha kitu. Lakini siku ile nyuma ya ukuta wa udongo hakuna aliyejua hivyo, si mimi, si Njagi, wala Mama Wanja. Yeye alijua tu kwamba migunga ikianguka na lantana ikichomwa, majirani zake hawana pa kwenda. Kuvuka hawawezi. Na ndio waliokuwa wamebaki wa boma lake la chini ambao bado walikuwa hai na wanapumua. Alichokuwa anakitaka kilikuwa kidogo namna hiyo, na hakuwa na njia yoyote ya kukidai.

Njagi alitimiza neno lake. Katikati ya wiki alivuka na vijana wawili, akaishusha mizinga ya ndugu yake yote, akaileta na kuipanga nje ya nyumba kwa heshima, kama mtu anayerudisha vyombo baada ya harusi. Miti ya kilima ikabaki wazi. Watu wa makaa walitarajiwa wikendi hiyo. Mama Wanja alisimama akiitazama ile mizinga ya zamani, mikono nyuma. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka shuleni, nina chaki kwenye nywele. Nilidhani atalia na nikajiandaa kwa hilo. Badala yake aligeuka, akaingia chumbani kwangu bila kubisha, akapiga gogo moja kwa kiganja kama mtu anayejaribu kama tikiti limeiva.

"Mwalimu," akasema, "wenzako wanahama."

Mizinga ile ya chumbani kwangu haikuwa na alama. Mwenyewe hakuwahi kuichoma. Jioni hiyo Wanja alitumwa kwa akina mama wa kikundi, wale waliokuwa wanalimiana mashamba kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, nao wakaja mmoja mmoja huku wakijifunga kanga. Nilifikiri Mama Wanja atawahutubia. Aliwaambia tu, "Zamu yangu ilikuwa ya palizi. Nimebadilisha. Nataka mnitundikie mizinga."

Walicheka, kisha wakaona hacheki. Mmoja akasema wazi kwamba mwanamke hapandi mti wa nyuki, ni aibu, na nguo je? Mama Wanja akajibu kwamba nguo ni za kuvaliwa, waende wakavae za waume wao. Na wakaenda! Jumamosi hiyo alfajiri, kule kwenye mwinuko, wanaume kadhaa waliamka wakakuta suruali zao hazipo kwenye misumari. Sitasahau ule msafara hadi nife: akina mama wazito wa kanisa, suruali zimekunjwa chini, mizinga vichwani, wanateremka majini wakicheka mpaka mmoja akakaa chini. Walikuwa wamefunga milingoti ya mkonge, yale mashina marefu yanayobeba maua, yakiwa makavu ni mepesi ajabu, wakayaunganisha kwa kamba kuwa chelezo. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuogelea. Mimi nilivuka nimekaa katikati, nimeshika mzinga kwa mikono miwili, nasali kwa Kimeru.

Tulipofika ng'ambo, swali la alama lilikuwa bado halijajibiwa. Tulikuwa tumebeba makaa ya moto katika sufuria kuukuu na mundu uliokatika wa kuchomea. Mzinga bila alama ni gogo tu, hakuna anayeuheshimu. Alama ya mume haikuwezekana, Njagi angesema ni yake. Akina mama wakaanza kutaja hii na ile, msalaba, duara, herufi ya kwanza ya jina, na mimi nikatoa maoni yangu ya kimwalimu ambayo hakuna aliyeyasikiliza. Mama Wanja alikuwa amechuchumaa ukingoni, pale matope yalipokuwa yanaanza kukauka. Juu yetu, kwenye lantana, majirani zake walikuwa wameshatugundua na wanatutukana kwa sauti zote. Kwenye matope kulikuwa na nyayo zao, nyingi, zimekwenda huku na huku: vidole vitatu mbele, kimoja nyuma.

"Ni hii," akasema.

Tukachoma hiyo. Mistari mitatu mbele, mmoja nyuma, kwenye kila mdomo wa mzinga, moshi unatuingia machoni. Kisha wakapanda. Kwanza kwa hofu, kila mtu anamwambia mwenzake angalia hapo, angalia mguu, kisha mmoja akagundua kwamba aliwahi kupanda mikwaju utotoni na mwili wake unakumbuka, na baada ya hapo ikawa mashindano. Wa kwangu niliutundika mimi mwenyewe, kwenye mgunga mdogo, nikachanwa na miiba mkono mzima. Alama ya mchano mmoja ninayo hadi leo chini ya kiwiko.

Hatukuwa tumemaliza tulipowaona wakija. Njagi alikuwa mbele na kofia yake, nyuma yake vijana wa mashoka katika mtumbwi wa kuazima, na mkubwa wa kazi, mtu mkimya aitwaye Ireri, mkata miti wa pale pale Mbeere. Walishuka ufukweni. Akina mama waliokuwa juu ya miti wakabaki huko huko, wameduwaa, na suruali zao. Njagi aliwatazama wote kwa zamu, akatingisha kichwa.

"Hii ni mchezo wa wanawake," akamwambia Ireri. "Anza na ule pale."

Ireri alikwenda kwenye mti. Akatazama juu, akauona mzinga, akasogea akaiangalia alama. Akaenda mti wa pili, akaangalia. Wa tatu. Akarudi polepole, anapangusa mikono kwenye shati.

"Hii alama ni ya mbari gani?"

"Si ya mtu!" Njagi akasema. "Wameichoma leo. Si unaona sufuria?"

"Sufuria naona. Mimi nauliza alama ni ya nani."

Mama Wanja alikuwa amesimama, ameshika ule mundu, na nilimwona akifungua mdomo kisha akaufunga. Baadaye aliniambia alikuwa karibu kusema "ni yangu," na kama angesema hivyo angeshindwa, kwa kuwa mwanamke hana alama.

"Mzee Njagi, sikiliza," Ireri akasema. "Mimi nikivunja mzinga wako, nitakuja kwako na mbuzi, tutachinja, tutakula, imeisha. Nikivunja wa jirani, naenda kwa jirani. Hii nikivunja, hiyo mbuzi nitapelekea nani? Nani atanisafisha? Mimi nina watoto. Hiyo mti sigusi."

Vijana wakaweka mashoka chini, mmoja baada ya mwingine, kwa haraka iliyonionyesha kwamba walikuwa wanangoja tu mtu wa kusema. Njagi akakasirika. Akanyakua shoka moja, akaenda kwenye mgunga wa karibu, ambao ulikuwa ule wangu. Akalinyanyua. Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake, naona jasho kwenye shingo yake. Ndege walikuwa wamefika mpaka tawi la juu ya kichwa chake, wamebanana hapo, macho yao mekundu, wanapiga kelele zile za kujibizana mpaka hatukuweza kusikia kingine. Njagi alijua kila kitu. Alijua mizinga imetoka chumba gani, alijua ni mikono ya nani iliyoichoma, alikuwa ameiona suruali yake mwenyewe, mke wake ameivaa, ikining'inia juu ya mkwaju. Na bado lile shoka lilibaki juu. Alikuwa amelelewa pale, kama wote. Mzinga ukishatundikwa, umetundikwa.

Akalishusha, akapitisha kidole gumba kwenye makali. "Shoka lenyewe ni butu," akasema. "Mnaniletea shoka butu!" Akageuka akarudi kwenye mtumbwi, na mke wake kutoka juu ya mti akamwita kwa sauti nyembamba amngojee, hataki kurudi na chelezo.

Nilicheka wakati huo kama wote. Nikiwaza sasa, huwa namwonea huruma kidogo Njagi, na pia namheshimu. Nimewaona watu wengi maishani mwangu, wenye vyeti na wenye magari, ambao wangelishusha shoka lile kwenye mti bila kupepesa jicho, kwa sababu hakuna kitu duniani wanachokiogopa. Njagi alikuwa bado anaogopa kitu. Tajiri wa makaa akatafuta miti kwingine, lori zikahamia upande wa pili, na huko, inaniuma kusema, hakukuwa na mizinga. Vilima vile sasa ni mawe matupu.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipokuja, nyuki waliingia katika baadhi ya mizinga yetu bila kualikwa. Nilipata barua ya kwenda chuo cha ualimu, na siku ya kuondoka Mama Wanja alinipa chupa ya asali iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Chumba changu kilikuwa kimekuwa kikubwa na kitupu, na nilikuwa silali vizuri ndani yake. Nilimkumbatia yule mama, akanisukuma kidogo kwa aibu, akaniambia niende, jua linapanda. Nilirudi kumtembelea mara chache, chini ya nilivyoahidi. Kisha maisha yakanishika huku Meru, na miaka ikaenda.

Mazishi yalikuwa makubwa. Kulikuwa na ukame, vumbi limekaa juu ya kila kitu, juu ya viti vya plastiki na juu ya mashada ya maua. Mtoto wa kiume wa Njagi, sasa mzee mwenye mvi na kofia inayofanana sana na ya baba yake, alisimama kuzungumza kwa niaba ya ukoo. Alisema marehemu aliitunza familia, alisema alipenda nyuki, kisha akainua mzinga mpya mdogo ambao vijana walikuwa wameuchonga kwa ajili ya kuweka kaburini. Kwenye mdomo wake kulikuwa na mistari mitatu mbele na mmoja nyuma. "Hii," akasema kwa sauti nzito, "ni alama ya ukoo wetu tangu enzi za mababu." Watu wakaitikia kwa vichwa. Nilikuwa nimeshaanza kusimama. Sijui nilitaka kusema nini, labda nilitaka tu kucheka mahali pasipofaa. Wanja, aliyekaa kando yangu kwa nguo nyeusi, alinishika sketi akanikalisha. "Wacha, Ticha," akanong'ona. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na sikuweza kujua ni kilio au ni kicheko, na nadhani yeye pia hakujua.

Baada ya watu kula na kutawanyika, alinishika mkono tukateremka. Maji yalikuwa yamerudi nyuma sana kuliko nilivyowahi kuyaona. Ile shingo ya ardhi iliyozama mwaka ule ilikuwa imetokea tena, matope yaliyopasukapasuka, na kilima hakikuwa kisiwa tena. Migunga ilikuwa bado imesimama juu yake, mizinga ndani yake, mingine imeoza na kuning'inia nusu. Nikatazama chini nikasimama. Kwenye yale matope, kutoka kilimani kuja upande wetu, zilikuwa zimepita nyayo, nyingi zisizohesabika, za kwenda na za kurudi. Vidole vitatu mbele, kimoja nyuma.

"Wamevuka?" nikauliza.

"Wanavuka kila asubuhi. Kwa miguu! Wanakuja mpaka nyumbani, kwa ile lantana Mama aliyoipanda uani. Jioni wanarudi kulala."

"Mama aliwaona?"

Wanja alitingisha kichwa. "Macho yalikuwa yameisha. Lakini siku ya kwanza wamefika aliwasikia kutoka kitandani. Akaniambia niache kupika." Aligeuka akatazama kilima. "Akaniambia, 'Fungua mlango, Wanja. Wa chini wamefika.'"